Siku Sita na Majani ya Ngoro

Baba yangu aliamini kwamba Mungu aliumba dunia kwa siku sita, na kwamba kila siku ilikuwa na saa ishirini na nne kama siku za kijijini kwetu Maguu. Mama aliwahi kumwuliza kama zilikuwa siku za masika au za kiangazi, kwa sababu kazi ya siku ya masika si sawa na ya kiangazi, lakini swali hilo baba alilichukulia kuwa utani. Alikuwa katekista wa kigango chetu tangu kabla sijazaliwa. Kwa kazi hiyo watu wote walimwita Mwalimu, hata wale waliomzidi shule. Hao hawakuwa wengi, na kwa bahati mbaya mmoja wao alikuwa binti yake.

Nilirudi nyumbani mwaka ule kabla ya Kwaresima kwa sababu chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Tuligoma kupinga kuchangia gharama za masomo, tukafungiwa milango, na kila mmoja akarudi kwao kuwaeleza wazazi wasio na cha kuchangia jinsi alivyokuwa akiwapigania. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa jembe.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma fasihi, na mgomo ulitukuta katikati ya visasili, zile hadithi za kale za asili ya vitu. Aliyepata kuishi nyumba moja na mwanafunzi anayetoka kufundishwa visasili anajua adha yake. Kila kitu kwangu kilikuwa ishara. Jogoo akiwika saa mbaya, ishara. Chumvi ikizidi kwenye maharage, nayo niliitafutia maana, badala ya kuongeza maji. Nilikuwa na begi la mtumba lililojaa nakala za mihadhara, nikalisukuma chini ya kitanda nikiamini kwamba kijiji kizima kilikuwa kikinisubiri nilifungue.

Kijiji kilikuwa na mambo yake. Soko huria lilikuwa limefika Mbinga. Kahawa, ambayo tangu utoto wangu ilikuwa na mnunuzi mmoja na mizani moja, sasa ilikuwa na wanunuzi wa kila sura, kila mmoja na lori lake na mizani yake, na gunia lile lile la baba lilikuwa zito kwa huyu na jepesi kwa yule. Stendi kulikuwa na mabasi madogo ya rangi ambazo hatukuwahi kuziona kwenye magari. Kwenye uwanja wa soko walikuja wahubiri wenye vipaza sauti. Mmoja alitangaza kwamba dunia ina miaka elfu sita kamili, akaanza kuihesabu mbele ya watu, na jenereta lake likaishiwa mafuta kabla hajafika kwenye gharika. Baba hakumpenda mhubiri yule, ingawa katika habari ya siku sita walikuwa upande mmoja. Alisema mtu mwenye ukweli hahitaji jenereta.

Lakini mwenye shida ya kweli nyumbani alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule yetu ya msingi, kijana wa Kinyasa kutoka kijiji cha wavuvi upande wa Mbamba Bay. Alipangiwa shule ya kwetu akitokea kwenye joto la ziwani, akaja na chandarua lakini bila sweta, na inasemekana mdogo wangu alianza kwa kumwonea huruma. Mshenga alikuwa ameshakuja na kurudi. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshakula pamoja. Kitambaa cha gauni kilikuwa kwa fundi, Mbinga mjini. Lililobaki lilikuwa dini, maana kijana alikuwa Mwanglikana, mtoto na mjukuu wa Waanglikana, na baba alikuwa amesema wazi kwamba binti wa katekista hataolewa nje ya Kanisa lake huku katekista mwenyewe akiwa hai. Kijana alikubali kupokelewa. Padre naye akakubali kumpokea katika mkesha wa Pasaka, kwa sharti moja tu: Mwalimu wa kigango aseme kwamba amefundishwa na ameelewa.

Kwa hiyo ndoa ya mdogo wangu ilikuwa mikononi mwa baba, naye baba aliishika kama anavyoshika kikombe cha misa.

Mafundisho yalikuwa Jumatano jioni, sebuleni kwetu. Mdogo wangu na mimi tulikaa jikoni tukichambua maharage ya mbegu, mahali ambapo kila neno la sebuleni lilifika. Kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Baba akiridhika alimwita yule kijana Mwalimu, naye kijana akimwita baba Mwalimu, na mama akiita "Mwalimu, chai!" waliitika wote wawili. Kisha ikaja Jumatano ya uumbaji.

"Mungu aliumba dunia kwa siku ngapi?" baba aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo ili aendelee na makubwa.

"Sita, Mwalimu. Ila..."

Jikoni, mdogo wangu aliacha kuchambua.

"Ila nini?"

"Ila mimi naona si siku kama hizi zetu. Ni namna ya kueleza."

"Kueleza nini?"

"Kwamba vyote vimetoka kwake, na kwa mpango. Kwamba hakuna kilichojitokea chenyewe."

"Na huyo aliyeandika, kama hakutaka kusema siku, kwa nini aliandika siku? Alikosa neno?"

"Hakukosa, Mwalimu. Alitumia hilo ili tumwelewe."

"Basi mimi nimemwelewa," baba alisema. "Kijana, mimi hapa nimefundisha watu wenye mvi na watoto wasio na meno. Wote walisema sita, wakaendelea na maisha. Nenda ukafikiri. Jumatano ijayo nitakuuliza tena, na jibu hilo hilo likirudi, jina lako haliendi kwa Padre."

Kutoka Mwalimu, alikuwa amerudishwa kuwa kijana tena. Mdogo wangu alimwahi njiani, karibu na migomba, nami nikawafuata kwa sababu nilidhani watahitaji msomi.

"Kwa nini usiseme sita ukanyamaza?" mdogo wangu alimwuliza. "Sita! Neno moja! Kila siku unawafundisha watoto hesabu, leo sita imekushinda?"

"Nikianza kumdanganya baba yako kabla hajanipa mke, nikishapewa nitamdanganya mara ngapi?"

"Humdanganyi, unamheshimu."

"Basi nitamheshimu kwa kumwambia ninachoamini."

Mdogo wangu alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemtengeneza huyu mtu. "Unamsikia shemeji yako?"

Nilimsikia, na nikampenda papo hapo. Ndiyo maana usiku ule, wakati wa chakula, nilichukua jukumu la kumtetea. Hakuna aliyeniomba.

Nilianza kwa unyenyekevu, kama tulivyofundishwa. Nikamwuliza baba: jua liliumbwa siku ya ngapi? Akasema ya nne. Nikamwuliza: sasa zile siku tatu za kwanza, jioni na asubuhi zilitokaje, na jua halijakuwepo? Nilitua hapo ili hoja izame. Mama alinisogezea bakuli la mboga, nadhani kwa matumaini kwamba nitajaza mdomo. Sikuuona ule wema. Nikaendelea kueleza kwamba watu wa zamani kila mahali walikuwa na visasili vya namna hiyo, kwamba visasili vina miundo, na kwamba sura ile ya kwanza, ukiitazama kitaalamu, ni hadithi tu.

Baba alinawa mikono polepole kabla hajajibu.

"Zamani," alisema, "kahawa yangu ilipimwa kwenye mizani moja. Kama ilikuwa inaiba, ilituibia wote sawasawa. Sasa kila tajiri anakuja na mizani yake. Nawe unaniletea siku ambazo kila mtu anajipimia urefu."

"Baba, sisemi hivyo..."

"Subiri. Mimi nimezika watoto wa watu kwa kitabu hiki. Padre yuko mbali, mimi ndiye ninayesimama pale na mama mwenye mtoto wake kwenye sanduku, na ninamwambia atamwona tena. Haniulizi kwa siku ngapi. Ananiamini, kwa sababu kila nilichosoma humo nilikisoma kama kilivyo. Sasa nikisema huku mwanzo ni hadithi tu, kule mwisho, kwenye ufufuko, huyo mama atanisikiaje? Hilo mlifundishwa huko?"

Hatukuwa tumefundishwa. Nilipekua kichwani nakala zote zilizokuwa chini ya kitanda, na hakuna hata moja iliyokuwa na mama mwenye sanduku. Mdogo wangu alisubiri mpaka tulipokwenda kulala ndipo akasema, kwa adabu zote za mdogo kwa mkubwa, "Dada, nakuomba, usinisaidie tena."

Jumatano hiyo iliyokuwa ikisubiriwa ilitanguliwa na Jumamosi ya ngoro.

Kwa asiyejua milima yetu, nieleze. Umatengoni, nchi yetu sisi Wamatengo, tunalima kwenye miteremko ambayo mgeni angefikiri ni ya mbuzi peke yao. Ukipita barabarani unaona vilima vimejaa mashimo yaliyopangwa, moja baada ya jingine mpaka kileleni, kana kwamba mtu amekandamiza ngumi kwenye unga wa ngano uliokandwa. Hizo ndizo ngoro. Mwanamume hufyeka majani, huyaacha yakauke, kisha huyapanga chini kwa mistari inayokatana mpaka mlima wote unakuwa miraba. Wanawake hufuata na majembe, huchota udongo wa katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya yale majani. Maharage hupandwa huko juu, kwenye matuta, penye majani yanayooza chini yake. Shimo ni kile kinachobaki baada ya udongo kuchotwa. Kazi yake ni kukamata maji ya mvua yasiondoke na shamba.

Na kwetu mchumba hupimwa shambani. Anakuja siku moja kulima ukweni, watu wanamtazama, hakuna anayesema kwamba anatazamwa. Baba alikuwa amefyeka kilima cha nyuma ya nyumba majuma mawili kabla, na majani yalikuwa yamelala pale yamekauka vizuri. Pamoja na yote yaliyotokea sebuleni, hakufuta mwaliko. Alisema dini ni dini na shamba ni shamba. Mdogo wangu alimwagiza mchumba wake jambo moja: awahi.

Aliwahi. Tulipokuwa bado tunakunywa uji, mama alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Mwalimu," alisema, "kilimani kwako kuna moshi."

Tulipanda kilima karibu tukikimbia, baba mbele, shangazi yetu, ambaye ni dada mkubwa wa baba, nyuma kabisa akilalamikia magoti. Tulimkuta mchumba katikati ya shamba amevua shati, jasho linamtoka, uso una masizi na furaha. Alikuwa amekusanya majani yote ya nusu ya chini ya kilima, akayachoma. Juu ya majivu alikuwa ameshaanza kuchimba mashimo. Mashimo ya kweli, ya duara, yenye kina cha kumficha mbuzi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Nimeona nianze kusafisha."

Baba alivua kofia, kama afanyavyo msibani.

Ilibidi mtu acheke, na shangazi ndiye aliyekuwa na umri wa kuruhusiwa. Aliketi chini kwanza. "Mkwe wetu," alisema, "hayo ni makaburi ya nani? Sisi tumekuja wazima."

"Si ngoro hizi, shangazi?"

"Ngoro! Na maharage ungeyapanda wapi?"

"Humo ndani."

Shangazi alijipiga mapaja. "Humo ndani! Mvua ikinyesha yaogelee! Jamani, Wanyasa! Huyu anafikiri maharage ni samaki!"

Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Mimi nilicheka, nakiri. Mdogo wangu peke yake hakucheka. Alimtazama baba, kwa maana majani yale yalikuwa moyo wa ngoro, na kwetu kuyachoma ni kama mtu kumkatia mvuvi nyavu zake ili apate kamba ya kufungia mzigo. Nusu ya kilima isingelimika msimu ule.

"Nani amekufundisha hivi?" baba aliuliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea.

"Hakuna, Mwalimu. Nimeona mwenyewe. Kila nikipanda gari kutoka kwetu, nafika huku milimani naona mashimo kila upande. Nikasema basi, watu hawa wanachimba mashimo. Na kwetu shamba la muhogo tunaanza kwa kuchoma." Alitazama majivu, akaanza kuelewa. "Nimeharibu?"

"Umeharibu," baba alisema. "Vaa shati. Njoo huku juu, majani yapo."

Hakumfukuza. Nimeifikiri sana saa ile, na nadhani kilichomwokoa mchumba ni kwamba baba hakuweza kumwona mtu asiyejua jambo akamwacha vile vile. Ualimu ulimzidi hasira. Alimpeleka nusu ya juu, akamwonyesha namna ya kushika fungu la majani, namna ya kulilaza, jinsi mstari mmoja unavyofuata mlima na mwingine unavyoukata. Kijana alikosea, akarudia, akakosea tena lakini kidogo. Sisi wanawake tulifuata nyuma na majembe. Mimi baada ya miraba minne nilikuwa na malengelenge ambayo sikuyatafutia maana yoyote.

Kazi ilipokwenda vizuri, hasira ikapungua, na baba akaanza kusimulia. Alimwambia mkwe habari ya ngoro ya kwanza, kama bibi yake alivyomsimulia, kama alivyotusimulia sisi. Zamani, wakati wa vita vya Wangoni, mtu na mkewe walikimbilia mlimani na mbegu zao. Kule bondeni wapiganaji walikuwa wanapita. Wakaogopa kwamba wakikamatwa watanyang'anywa mbegu, nao watakufa njaa hata wakiachwa hai. Basi mume akazilaza mbegu chini, akazifunika kwa majani. Mke akaona majani bado yanaonekana, akachota udongo, akafukia juu yake. Wakajificha siku moja mwambani. Mvua kubwa ikanyesha, ikasomba kila kitu kwenye mteremko, isipokuwa yale matuta. Waliporudi...

"Siku tatu," shangazi alisema.

"Nini?"

"Walijificha siku tatu. Bibi alisema tatu."

"Dada, bibi alisema moja. Mimi ndiye niliyekuwa nalala nyumbani kwake."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nampikia! Tatu. Mbegu gani inaota kwa siku moja?"

"Sikusema ziliota siku hiyo!"

"Basi walirudi kutazama nini? Udongo?"

"Dada, siku moja, siku tatu, wiki nzima," baba alisema, na sasa alikuwa anapunga fungu la majani, "jambo si hilo! Jambo ni kwamba..."

Akanyamaza.

Kilima chote kikanyamaza naye. Jembe la mdogo wangu lilikuwa limeishia juu ya kichwa chake, na halikushuka. Mchumba aliinama akatengeneza mstari ambao haukuwa na kasoro yoyote. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na sentensi nzuri sana tayari, yenye neno kisasili ndani yake, na nina hakika ingeivunja ndoa ile pale pale. Donge la udongo lilitua juu ya mguu wangu, kutoka upande wa mama. Nikafunga mdomo.

"Endelea, Mwalimu," mama alisema kwa upole, akiwa bado anatazama jembe lake. "Jambo ni nini?"

Baba alinyoosha fungu kuelekea bondeni. "Jambo," alisema, "ni kwamba walikuwa na hofu, na hawakuwa na shamba tambarare kama la watu wengine. Mungu akawaonyesha kwamba hata mlima unalimika. Na kwamba mwanamume peke yake asingeweza, na mwanamke peke yake asingeweza. Hilo ndilo jambo." Akaweka fungu chini. "Na bibi alisema siku moja."

"Tatu," shangazi alisema, lakini chini chini.

Tukaendelea kulima mpaka jua lilipotuchosha, na hakuna aliyerudia mazungumzo yale.

Tangu mwaka ule nimesoma mengi kuhusu sura ile ya kwanza, na watu hunialika mahali nikaieleze, hasa mahali penye chai. Nikiulizwa nasema bila kusita kwamba haikuandikwa kutupa muda wa kazi kama fundi anavyompa tajiri. Imeandikwa kumweka mtu mahali pake: kwamba dunia haikutokea kwa ajali wala kwa ugomvi, kwamba ilitazamwa ikaonekana njema, kwamba kazi ina mwisho na baada yake kuna kupumzika. Bado naiita ishara. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi sisemi ni ishara tu. Lile "tu" nililolitupa mezani mbele ya baba lilikuwa ndilo kosa, kwa maana yeye alikuwa akiisimulia habari ya bibi yake maisha yake yote, anailima kila mwaka, anaila, na hakuwahi kusema ni hadithi tu.

Jumatano ilifika. Mdogo wangu alikataa kukaa jikoni. Alikwenda kusimama nje, kwenye baridi, akaniachia mimi kazi ya kusikiliza, na ndiyo kazi pekee aliyoniamini nayo.

Baba hakuanza na siku sita.

"Nina swali moja," alisema. "Kaburi. Lile kaburi tupu, siku ya tatu. Nalo ni namna ya kueleza?"

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa nini hapana? Kule mwanzo unaniambia ndiyo, huku mwisho unaniambia hapana. Mstari umeuchora wapi?"

"Kaburini kulikuwa na watu, Mwalimu. Wanawake walikwenda asubuhi, wakaona, wakarudi wakasema. Wengine waliwacheka, nao wakaenda wakaona. Hao ni mashahidi. Lakini kule mwanzo hakukuwa na mtu. Hakuna aliyekuwa amesimama pembeni anahesabu siku. Ilibidi Mungu atusimulie, na mtu akikusimulia jambo lililotokea wakati hukuwepo, anakusimulia kwa namna ambayo utaweza kulibeba. Mimi naamini yote mawili. Ila siyaamini kwa namna moja."

Nilisubiri baba aikamate ile "ila." Hakuikamata.

"Hakukuwa na mtu," alirudia.

"Mtu alikuja siku ya mwisho."

"Siku ya sita. Ijumaa." Nikasikia kiti chake kikilia, na katika sauti yake utani ambao sikuwa nimeusikia tangu kabla ya ile jioni ya mizani. "Ijumaa jioni, kazi zote zimeisha. Huyo alikuwa Mnyasa."

Kijana alicheka, baba akacheka, na nje mdogo wangu, aliyekuwa hasikii maneno bali kicheko, akaja mbio mpaka dirishani akiniuliza kwa macho.

"Mimi bado nasema sita," baba alisema walipotulia. "Usije ukatangaza huko shuleni kwamba nimehama. Nimefundisha sita na nitazikwa na sita. Lakini sitakuzuia mlango kwa jambo ambalo mimi na dada yangu hatujakubaliana tangu utoto. Kwenye mkesha utasoma somo la kwanza. Lote. Usiongeze neno, wala usipunguze. Na usikimbie, Mwalimu. Watu watakuwa wametembea kutoka mbali. Kila siku ikiisha, nyamaza kidogo wapumzike."

Alikuwa amemwita Mwalimu. Nilimwonyesha mdogo wangu kidole gumba dirishani. Aliketi pale pale kwenye majani yenye umande, na gauni lake la kanisani.

Mwaka ule mvua haikutuzuia kufika parokiani. Mkesha ulianza giza lilipoingia, watu wamejaa mpaka kwenye vizingiti, kila mmoja na mshumaa wake ambao haujawashwa. Wazazi wa kijana walikuwa wamepanda kutoka ziwani na shangazi zake wawili, wamejifunika mablanketi ya kuazima, na shangazi yangu amekaa katikati yao akiwauliza habari za maharage. Kijana alisoma. Kila siku ilipoisha alinyamaza, na katika ule ukimya ulisikia watu wakivuta pumzi, mtoto akikohoa, mtu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Nilimtazama baba. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na msomaji, neno kwa neno. Sikuweza kujua kama alikuwa anahesabu saa ishirini na nne au la, na kwa mara ya kwanza sikuona sababu ya kumwuliza.

Ulipofika wakati wa kupokelewa, Padre aliuliza ni nani anayemsimamia huyu. Tulikuwa tumempanga mzee mmoja wa kigango, mtu mwema, aliyeanza kuinuka. Baba alimgusa bega, akamketisha, akatembea yeye mwenyewe mpaka mbele, akaweka mkono wake begani mwa kijana.

"Mwalimu?" Padre alisema, kwa mshangao kidogo. "Ni wewe unayemfundisha, na ni wewe unayemsimamia?"

"Ni mimi, Padre."

"Na amefundishwa yote?"

"Amefundishwa yanayotosha," baba alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi nje bila jenereta. "Mengine tutaendelea kubishana nyumbani."

Watu walicheka kanisani, mkesha wa Pasaka, na Padre akawaacha wacheke. Kisha akamwuliza kijana jina la kipaimara analotaka kuitwa, naye akalitaja.